Meno Ishirini na Moja

Rafiki yangu akishuka ule mteremko wa kuingia Huruma alikuwa anapunguza gia mara mbili. Gari inalia juu kidogo, inatulia, inalia tena. Halafu honi, pii pii, ya kunisalimia. Mimi niko mlangoni pa saluni nasuka kichwa cha mtu, namrudishia mkono nikicheka, na ndani ya kifua kitu kinanikwaruza kama paka anayetaka kufunguliwa mlango.

Huo ulikuwa wivu. Wakati ule niliuita majina mengine. Niliuita njaa, niliuita vumbi, siku moja nilimwambia mteja kwamba ni gesi tumboni, akaniletea maji ya tangawizi, nami nikayanywa yote.

Gari zetu zilikuwa za aina moja, umbo moja, hata weupe wake ulikuwa umechoka kwa njia moja. Yake ilizaliwa na pedali tatu. Yangu ilizaliwa na mbili. Nilikuwa nimeinunua Kesses kwa mwalimu mstaafu, ambaye aliiegesha kwenye banda mpaka kuku wakaanza kutagia kiti cha nyuma. Miaka minne ya kusuka vichwa vya watu iliingia pale, na siku naileta mjini niliimba njia nzima peke yangu, vioo vikiwa chini ili na ng'ombe wasikie.

Ndoto yangu ilikuwa ndogo, lakini niliipenda sana. Nilitaka kuwafundisha kina mama kuendesha gari. Mtu akikaa kwenye kiti cha msusi kwa saa tano hukuambia yote, na nilikuwa nimesikia mara nyingi jinsi wanavyoogopa klachi. Wanaenda shule ya udereva, mwalimu anawapigia kelele, mguu wa kushoto unatetemeka, gari inazima, wanarudi nyumbani wakiona aibu. Nilijiambia mimi sitapiga kelele. Tutatafuta uwanja mtupu, tutazima gari hata mara hamsini, na tutacheka. Kasoro ilikuwa moja tu: gari yangu haikuwa na klachi ya kumfundisha mtu. Ilikuwa otomatiki.

Kisha hiyo otomatiki yenyewe ikafa. Nilikuwa napanda kwenda kwa mama, karibu na Cheptiret, nikasikia harufu kama sukari inaungua, na gari ikakataa kwenda mbele. Nyuma ilikubali. Wauza viazi wa barabarani walinisukuma hadi pembeni, mmoja akanishauri nigeuze gari nifike kwa mama nikienda kinyumenyume.

Mzee fundi, ambaye gereji yake ni mabati manne na mti wa grevilea, aliinama chini ya ile gari muda mrefu. Alipotoka alisema giaboksi imekwisha, na kutengeneza otomatiki ni kulisha mtu asiyeshiba. Akaniambia tuigeuze iwe manyuali, ya gia za mkono. Tutafute giaboksi, flaiwili, ile sahani nzito ya injini, klachi na pedali, na nitakuwa na gari ya kufundishia. Nilirudi nyumbani nikiruka madimbwi kama mtoto.

Mwanafunzi wa kwanza nilikuwa naye tayari. Ni mama mshonaji wa yunifomu, jirani yangu ukutani, ambaye alikuwa ameanguka mtihani wa udereva mara mbili kwa sababu ya kuzima gari mlimani. Mtihani wa tatu ulikuwa umebakiza wiki tatu. Nilimwahidi kwamba kabla ya hapo atakuwa ameendesha gari yangu mpaka achoke.

Sasa, Mzee alikuwa amesema neno moja ambalo sikulipenda. "Ya rafiki yako na yako ni tumbo moja," alisema. "Mwite alete hapa, tuiinamie tuone chini kuko namna gani. Tutajua kila kitu asubuhi moja."

Nikamwambia amesafiri.

Sijui ule uongo ulitoka wapi. Nilichojua ni kwamba sikutaka aje pale na funguo zake zikining'inia kidoleni, asimame na viatu vyake safi, anitazame nikiomba kuangalia gari yake kama mtoto anayeomba kulamba kijiko. Tulisoma naye mpaka kidato cha pili. Tuliacha shule muhula mmoja, mimi kwa sababu zangu, yeye kwa zake. Lakini yeye sasa alikuwa anapeleka mayai na mikate kwenye vibanda vya wanafunzi kule Kesses, kila asubuhi, gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na mimi nilikuwa na banda la kuku lenye magurudumu.

Hazikupita siku mbili, mimi na Mzee tumesimama pale gereji, na gari nyeupe ikapita barabarani. Pii pii. Mzee aliifuata kwa macho mpaka ikapotea, akanitazama, akarudi kwenye kazi yake. Heri angenitukana.

Basi tukatafuta kwa njia ngumu. Nilizunguka yadi za vyuma vya zamani mpaka mbwa wa huko wakanizoea. Giaboksi ya kwanza ilikuwa ya gari inayovuta magurudumu yote manne, haikutufaa. Ya pili masikio yake ya kufungia yalikuwa upande usiofaa. Ya tatu tuliipata kwenye gari iliyogongwa nyuma ikakunjamana kama kopo, lakini mbele ilikuwa nzima. Mzee aliigusa akaguna, na kuguna kwake ni kusifu. Tulitoa giaboksi, flaiwili, pedali zote tatu na ile presha pleti inayobana klachi. Kitu kimoja tu kilikuwa kimeharibika, nacho ni klachi pleti yenyewe, ile sahani inayokaa katikati. Ilikuwa imeungua, na kitovu chake kimepasuka vipande.

Hiyo sahani ina tundu katikati lenye meno, na shafti, ile fimbo ya chuma inayotoka kwenye giaboksi, ina meno pia. Meno yakilingana, sahani inaingia. Yakipishana hata moja, umebeba chuma cha bure. Kwa hiyo ilibidi tuhesabu meno ya shafti, na Mzee alikuwa na njia yake. Haamini mtu anayehesabu kwa mdomo, kwa sababu mtu akisalimiwa anapotea. Anatia alama ya chaki kwenye jino la kwanza. Mkono mmoja unapeleka kucha kutoka mfereji mmoja hadi mwingine. Mkono wa pili, kwa kila mfereji, unadondosha punje ya mchele ndani ya kiberiti kitupu. Ukirudi kwenye chaki, unafunga kiberiti na kukipeleka dukani. Ukifika huko unaihesabu pleti ya dukani kwa punje hizo hizo. Zikiisha pamoja na meno, umepata.

Aliniachia kazi hiyo kwa sababu mimi ni msusi, vidole vyangu haviruki. Nilikaa chini ya mti, mchele umemwagwa kwenye mapaja, nikaanza. Kucha, punje. Kucha, punje. Nilikuwa nimefika mbali niliposikia ule mlio. Juu kidogo, inatulia, juu tena. Sikuinua kichwa. Nilijivunia kutoinua kichwa. Lakini masikio yangu yalishuka naye mteremko wote, mpaka pale anapoachia klachi taratibu na gari haishtuki hata kidogo. Pii pii. Nikamalizia meno yaliyobaki, nikafunga kiberiti.

Dukani nilihesabu pleti polepole. Punje na meno viliisha pamoja, sawasawa. Muuzaji aliniambia, "Siste, ukishafungua hiyo plastiki ni yako, hairudi." Niliipasua plastiki palepale kwa meno yangu mwenyewe, kwa furaha.

Mzee aliisukuma ile pleti kwenye shafti. Ikasimama mlangoni. Akaizungusha, akaisukuma tena, ikasimama palepale. Alivuta kigoda, akamwaga mchele mwingine mapajani mwangu, akaniambia nihesabu tena, yeye akitazama. Nilihesabu. Nilipomaliza hakutazama kiberiti, alitazama mdomo wangu.

"Unatafuna nini?"

"Mchele, Mzee."

"Na siku ile ulikuwa unatafuna?"

Mama yangu alinichapa kwa hii tabia nikiwa mdogo. Mchele mbichi ukiwa karibu nami, mkono unakwenda wenyewe. Mzee alichungulia kiberiti: safari hii punje zilikuwa ishirini na moja, kwa sababu mbele ya macho yake kila punje ya mfereji iliingia kiberitini, na nilizotafuna zilikuwa za mapajani tu. Ile ya kwanza zilikuwa ishirini. Punje moja niliila. Na niliijua ni ipi. Ni ile ya wakati gari nyeupe inashuka.

Mzee alicheka mpaka akashika mti. Mimi nililia kidogo, nikageukia mabati asione.

Pleti za meno ishirini zilikuwa tele mjini. Za ishirini na moja, za ukubwa ule, hakuna. Duka baada ya duka wananiambia labda Nairobi, labda wiki mbili, labda sijui. Siku zilikuwa zinakwisha. Jioni moja mama mshonaji alikuja akasimama mlangoni mwa saluni na tepi shingoni. Aliongea kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. Alisema, "Mwanangu, usikasirike. Mtihani ni Ijumaa ijayo. Nimemwomba mwenzako anifundishe na gari yake, amesema atafikiria."

Nilimwambia hakuna shida, Mama. Nikafunga saluni.

Njiani kwenda kwa rafiki yangu nilipanga maneno. Nilipanga kumwambia ana mayai, ana mikate, ana pedali tatu, huyu mama mmoja aniachie. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, makali yako mbele. Nikamkuta anachagua mchele kwenye sinia, anatoa mawe. Mezani kuna sufuria ya maharagwe inatoa mvuke. Alisogea kwenye kochi nikae, akaendelea kuchagua.

"Karibu," alisema. "Nimerudi safari."

Nilijifanya sijaelewa.

"Mzee aliniuliza safarini nilikaa siku ngapi. Nikamwambia naenda Kesses kila siku na kurudi kabla ya saa nne. Sasa niambie, nilisafiri wapi? Nataka tu kujua kama kulikuwa kuzuri."

Nilitazama chini, na kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kutazama, nilitazama sufuria. Ilikuwa imekaa juu ya chuma cha mviringo. Nilikuwa nimekula kwenye meza ile mara ngapi? Nilikuwa nimekiona kile chuma mwaka mzima. Chuma cha mviringo, kimeliwa pembeni, na springi ndogo nne zimezunguka kitovu.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Ya kuwekea sufuria. Ni klachi yangu ya zamani. Fundi alipobadilisha mwaka jana nikaona ni bora kuliko kuunguza kitambaa."

Nilinyanyua sufuria kwa pindo la sketi. Rafiki yangu alidhani nimerukwa na akili. Nilichukua mchele kwenye sinia lake nikamwambia aushike mkono wangu wa kulia kifundoni, udondoshe punje mezani tu, usipande mdomoni. Hakuuliza. Aliushika. Kucha, punje. Kucha, punje. Kitovu kilikuwa bado cha moto na kiliniunguza kidole. Meno yalipoisha tulizipanga punje mezani tano tano, yeye akahesabu, mimi nikahesabu. Ishirini na moja.

Hapo ndipo nilimwambia. Sikumwambia vizuri, nilimwambia kwa vipande. Nilimwambia kuhusu mara mbili za gia kwenye mteremko, kuhusu paka kifuani, kuhusu punje niliyoila kwa sababu yake.

"Kwa hiyo ile honi nilikuwa nakupigia kila siku..."

"Nilikuwa naichukia."

"Na unanipungia mkono hivyo? Wewe ni mbaya sana." Akacheka, akanisukuma bega. Halafu akasema bado hajamkubalia yule mama. Alisema atafikiria kwa sababu hakujua namna ya kumkatalia mtu mzima. "Huyo ni wako. Mimi nikiwa na mtu ndani ya gari anazima-zima nitampigia kelele, unanijua."

Kule jua kali, kwenye vibanda vya mafundi, kuna fundi ambaye kazi yake ni moja tu, kuvika pleti za zamani ngozi mpya na kuzigongea ribiti. Aliimaliza asubuhi moja. Mzee alipoisukuma kwenye shafti, iliingia kwa sauti ndogo, kama mtu anayefunga kabati ya vyombo taratibu. Jumatatu gari yangu ilisimama juu ya magurudumu yake ikiwa na pedali tatu, na Jumanne mama mshonaji aliizima mara kumi na saba kwenye uwanja wa shule. Sikupiga kelele. Mara ya kumi na nane ilikwenda, na yeye akashtuka kuliko gari. Ijumaa alipita mtihani. Alinishonea sketi, kwa sababu aliona ile ya mwanzo imeungua pindo.

Nilimpelekea rafiki yangu pleti ya meno ishirini, ile ya dukani, ili asikose cha kuwekea sufuria. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza geuza. Ilikuwa inang'aa, springi zake bado zina rangi ya kiwandani. Aliiweka katikati ya meza na kuisogeza kidogo mpaka ikakaa vizuri.

Kusema kweli hata sasa nikienda kula pale huwa naitazama sana. Yangu imevikwa viraka na inanuka maharagwe kila nikipanda mlima. Yake ni mpya kabisa, na kazi yake ni kubeba sufuria ya chai.