Siku Bosi Alipotulia

Katika kituo cha afya cha mtaani kwao, kinyozi hakuhitaji kujieleza. Akitokeza tu mlangoni na mtoto begani, watu wa mapokezi walitazamana. Alishawahi kumleta mwanawe kwa sababu ya kwikwi. Alimleta tena kwa sababu ya choo cha kijani. Daktari akauliza mtoto amekula nini jana, kinyozi akasema mchicha, daktari akaweka kalamu chini. Mara nyingine alimleta kwa kuwa mtoto alikuwa amelala kupita kiasi. Walipofika mtoto aliamka, akamvua daktari miwani.

Mtoto mwenyewe, wa mwaka mmoja na nusu, walimwita Bosi. Kinyozi aliishi nyuma ya duka lake, pazia tu likitenga viti vya kunyolea na kitanda, na mtoto tangu aanze kutembea alikuwa amejitwalia kiti cha wateja. Hakuna aliyeweza kumtoa bila kesi.

Ile siku ya miwani ndipo muuguzi mmoja, mama wa makamo, alipomshika kinyozi mkono wakaenda kusimama pembeni.

"Baba Bosi, nisikilize. Pua achana nayo. Pua ya mtoto wa umri huu kazi yake ni kutoa makamasi. Kikohozi nacho kitakuja, kitakaa, kitaondoka kikitaka. Wewe mtazame mtoto. Anakunywa? Anakojoa? Anacheza, hata kwa kulialia? Basi kaeni nyumbani, mpe vitu vya kunywa, mfute pua. Lakini ukimwona anapumua mbiombio, au chini ya mbavu panabonyea kila akivuta pumzi, au amekataa kunywa, au amelegea, unamwita hana habari na wewe, hapo usimuulize mtu. Njoo."

"Na nikiwa nimekosea?"

"Tutakucheka. Tumeshazoea."

Kinyozi akarudi nyumbani na maneno hayo, akayarudia kimoyomoyo huku akinyoa watu, mpaka yakamkaa.

Mafua yenyewe yalikuja wakati mkewe hayupo. Alikuwa amesafiri kwenda kumuuguza dada yake aliyejifungua, na nyumba ikashikwa na mama mkwe. Mama mkwe alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yote yalikuwa amri. Alipoona makamasi ya kwanza, akatoa amri.

"Mpeleke hospitali huyu."

"Mama, anakunywa. Tena anacheza. Haya ni mafua tu."

"Mafua tu," mama mkwe akarudia, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Mwanangu aliniambia ana mume anayekimbilia hospitali kwa chafya. Sijui huyu mwingine kamtoa wapi."

Kinyozi akamfuta mtoto pua. Kumjibu mama mkwe ni jambo moja, na kuishi naye baada ya kumjibu ni jambo jingine.

Wateja nao hawakuwa nyuma. Mmoja alisema mtoto asiogeshwe kabisa. Mwingine akasema aogeshwe asubuhi na jioni. Kwa bahati walikuwa wamekaa benchi moja, kwa hiyo waliachiwa wamalizane wenyewe. Wakati huo Bosi, kamasi mpaka mdomoni, alikuwa sakafuni anamwaga poda, anakohoa, anamwaga tena. Usiku homa ilipanda kidogo, asubuhi ikashuka. Maziwa alikunywa, ingawa kwa ugomvi. Kinyozi akamtazama vile alivyoelekezwa, akajikaza, akabaki nyumbani. Kwa mara ya kwanza tangu awe baba alijiona mtu mzima.

Kisha ikaja asubuhi ambayo mama mkwe alipenya pazia akitabasamu, jambo ambalo kinyozi hakuwahi kuliona karibu namna ile.

"Amepoa," akasema. "Leo hata kelele hana. Nimempangusa, nimembadilisha nguo, katulia kama maji mtungini."

Akamkalisha Bosi kwenye benchi, akaenda kuosha vyombo, roho yake kwatu.

Kinyozi alikuwa anamnyoa dereva wa pikapu ya soda, mtu mnene mwenye haraka, na alikuwa amefika nusu ya kichwa. Kwenye kioo alimwona mwanawe nyuma yake. Mtoto alikuwa ameegemea ukuta. Chanuo jekundu, ambalo siku zote yeye na baba yake waligombania, lilikuwa limewekwa mapajani mwake, na hakuligusa.

Kinyozi akazima mashine.

"Vipi?" dereva akauliza.

Kinyozi akaiweka mashine chini. Alichukua kikombe cha mtoto, akampelekea mdomoni. Bosi akageuza uso upande. Akampelekea tena, akageuza tena, polepole, kama mzee aliyechoka. Kinyozi akampandisha shati. Chini ya mbavu palikuwa panabonyea, panarudi, panabonyea, na matundu ya pua yalikuwa yanatanuka kwa kila pumzi.

Kitu cha kwanza kilichomjia kinyozi hakikuwa hofu. Kilikuwa aibu. Aliwaona watu wa mapokezi wakitazamana. Aliwasikia. Akapiga magoti pale sakafuni penye nywele za watu, akamwita mwanawe kwa jina lake. Macho ya mtoto yakainuka nusu, yakashuka.

"Mama," akasema kwa sauti, "tunakwenda hospitali."

Mama mkwe akatokeza na sahani mkononi. "Si ulisema ni mafua tu?"

"Nilisema jana."

"Na leo katulia."

"Ndiyo maana tunakwenda."

Mama mkwe akamtazama mkwewe vizuri. Sahani akaiweka juu ya kiti cha kunyolea. Dereva alikuwa ameshasimama, kitambaa bado shingoni, upande mmoja wa kichwa umeng'aa na mwingine umebaki kama ulivyoingia.

"Gari liko nje," akasema. "Twendeni."

Wakaenda, kreti za soda zikigongana nyuma yao njia nzima.

Mapokezi walitazamana. "Leo ni kwikwi au mchicha?" mmoja akauliza. Yule muuguzi akacheka, akampandisha mtoto shati akiwa bado anacheka, kisha hakucheka tena. Akambeba mwenyewe kwenda ndani, na kinyozi akafuata nyuma bila kuambiwa.

Wakambana kidole na kifaa chenye taa. Wakamwekea mpira mdogo wa oksijeni puani. Daktari, yuleyule wa miwani, alisikiliza mgongo upande huu na upande ule, muda mrefu.

"Homa ya mapafu," akasema. "Tunamlaza, tunamwanzishia dawa sasa hivi. Mngengoja mpaka jioni..."

Akachukua kalamu, akaanza kuandika.

Nje kwenye benchi dereva alikuwa amekaa akingoja habari. Bibi mmoja alimpisha kwenye foleni, akampa pole ya upasuaji. Dereva akashukuru. Alipoambiwa mtoto yuko chini ya uangalizi, akaenda kugawa soda zake madukani, vilevile alivyo.

Mama mkwe alikaa kando ya kitanda, mikono mapajani.

"Mimi nilimshukuru Mungu kwamba katulia," akasema. "Nimelea wangu wote, na nilishukuru."

"Hata mimi ningeshukuru, mama. Ni vile tu hawa nimewasumbua sana hapa, mpaka wakanifundisha ili wapumzike."

Mama mkwe akatikisa kichwa, si kwa kukataa. Akachukua khanga yake, akamfunika kinyozi mabega.

Jioni alimpigia mkewe simu, akamwambia yote bila kupunguza. Asubuhi basi la kwanza likamleta. Alimkuta mwanawe ameketi, ameshika kikombe kwa mikono miwili, anamkaripia muuguzi anayetaka kumgusa. Bado alikuwa anapumua mbiombio, lakini pale chini ya mbavu hapakubonyea tena kama jana. Mama mtu akamkagua mtoto kuanzia utosi mpaka vidole. Kisha akawageukia wale wawili.

"Nani aliamua aletwe?"

"Mume wako," mama yake akajibu.

"Na nani alisema abaki nyumbani?"

Kinyozi akatazama sakafu. Mama mkwe, macho makavu, akasema, "Sote wawili. Tulipokezana."

Mke akawatazama, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa na maneno mengi, yalionekana usoni yakijipanga. Badala yake akavua viatu, akapanda kile kitanda chembamba, akamvuta Bosi kifuani, na kabla mtu hajaongeza kitu akawa amelala.