Korbla Dotse Awafunga Watu Midomo

Korbla Dotse alikuwa seremala wa milango isiyofunga. Hilo angesamehewa, kwa maana katika kijiji chao karibu na Kpando hakukuwa na cha kuibwa. Kilichoudhi ni majivuno yake. Alijiona bingwa wa hadithi za buibui Yiyi kuliko wote waliowahi kutia ugali wa akple mdomoni. Akikutana nawe njiani hakujulii hali, anakuuliza kama ulimsikia jana.

Kuanza, kweli alijua. Akipaza sauti, "Hadithi inakuja!" watu huitika, "Na ije, tunaingoja!" Lakini akifika katikati hupotea. Hapo mkewe, Enyonam, hudakia, kama desturi inavyomruhusu msikilizaji yeyote: "Siku ile mimi nilikuwepo!" Huanzisha wimbo, watu hupiga makofi na kucheza, na wimbo ukiisha mumewe ameshakumbuka alikokuwa akielekea. Miaka yote hiyo mpumbavu yule aliamini kwamba mkewe anamwibia sifa.

Siku moja watu wa redio kutoka mji wa Ho walileta habari kwamba wanakuja kumsikiliza, na wakiridhika watamfanya msimulizi wao wa kila juma. Korbla hakulala kwa furaha. Siku ya ujio wao akaazima nguo ya kete, ile ya kufumwa ya sherehe, akaita watu uwanjani.

"Leo sitaki mtu wa kunidakia," alisema. "Redio inataka sauti moja. Mwenye wimbo wake akawaimbie mbuzi."

"Hata mkeo, mama Selasi?" jirani yake Foli alimchokoza.

"Huyo ndiye hasa!"

Enyonam alikaza kitenge chake, akaketi mbele kabisa, ametulia tuli. Mume mwenye akili angeogopa.

Watu wa redio wakawasha mashine yao ya kurekodi. Korbla akasimulia jinsi Yiyi alivyoazima masikio ya Sungura ili asikie anavyosifiwa na watu. Akayavaa, akajibanza nyuma ya ukuta wa jiko la majirani, akatega, akasikia...

"Akasikia," Korbla alirudia. Akakohoa. "Yaani, Yiyi akasikia vizuri sana."

Hadithi ile hata watoto waliijua mpaka mwisho. Hakuna aliyefungua mdomo. Wameambiwa wanyamaze, nao wakanyamaza kwa adabu ambayo hawakuwahi kumpa hata mchungaji wao. Foli alikuwa akiuma kidole ili asicheke.

Jasho likamtiririka Korbla ndani ya nguo ya watu. Hapo ndipo alipotambua, amechelewa mno, kazi ya ule wimbo aliokuwa akiulaani. Redio ilikuwa ikimponyoka huku anaiona. Akamgeukia mkewe kwa macho ya kuomba.

"Mama Selasi, mpenzi wangu," alisema kwa sauti ndogo, "wewe si ulikuwepo siku ile?"

"Mimi?" Enyonam alishangaa. "Sikuwepo, baba Selasi. Nilikuwa jikoni nakusongea akple."

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Wazee walishikana mabega wasianguke, na kijana wa mashine akasahau kuizima.

Juma lililofuata Korbla aliketi na redio yake sikioni, akitumaini bado, maana watu wa aina yake hawaishiwi na matumaini. Hadithi yake haikurushwa. Walichorusha ni lile swali lake, jibu la mkewe na kicheko cha kijiji. Kisha mtangazaji, naye akicheka, akauliza kama yule mama atakubali kuja kuwasimulia kila juma.