Jogoo Mlangoni mwa Banda la Video

Nimelala miji mingi, lakini popote ninaponusa petroli ya jenereta narudi Kiswere. Nina miaka tisa, ninashuka kwenye lori na wazazi wangu baada ya siku tatu za matope kutoka Dar es Salaam. Tulikuwa tunakimbia maneno. Baba alishtakiwa kumuua mnunuzi wa korosho, kesi iliyojaa magazetini, na mahakama ikamwachia huru.

Kiswere nao walikuwa wameisikia kesi, lakini walitupokea. Haukupita mwaka, baba akawa ndiye mchinjaji wa mtaa. Watoto walikuja na kuku kwapani: "Shikamoo, mama kasema umchinjie."

Miaka ile kila mtu alifungua biashara. Kijana mmoja akaleta televisheni, jenereta na kanda za video, akajenga banda la makuti. Jumapili moja mchana akaonyesha mchezo uliotungwa kutokana na kesi ile ile. Majina walibadilisha, korosho ziliachwa korosho. Mwishoni mshtakiwa akanyongwa. Banda zima likageuka kumtazama baba, aliyekaa mkekani anatafuna kashata.

"Mtani," akasema Bi Somoe, jirani yetu, "umeshanyongwa, kashata ya nini tena? Nipe mimi!"

Bi Somoe alicheka peke yake. Tangu kesho yake hakuletwa kuku hata mmoja. Mahakama ilisikiliza mashahidi miaka miwili; kanda ilichukua saa moja na nusu, majirani wakaamini kanda.

Jumapili iliyofuata, watu wakiingia bandani, mama alifika mlangoni na jogoo wetu mwekundu.

"Baba Hamisi, chinja hapa."

Kisu kilimtetemeka baba. "Mkono huu, mama Hamisi..."

"Mkono huo hakimu aliutazama miaka miwili. Chinja!"

Akasoma bismillahi, akachinja.

"Firigisi yangu!" akapiga kelele Bi Somoe.

"Koma, mtani! Firigisi ni ya mwenye nyumba," mama akajibu, na jioni akamwekea baba firigisi yake sahanini. Bi Somoe alikula nasi. Wengine walipita wakitazama pembeni, nasi tukatafuna mifupa kwa sauti.

Kuku wa majirani walirudi mmoja mmoja, si wote. Kwa miaka mingi niliamini mama alichinjisha jogoo yule ili majirani waone. Kumbe alitaka aone baba, ambaye naye alishaanza kuuogopa mkono wake mwenyewe.

Siku niliyoondoka Kiswere moja kwa moja, baba alichinja tena. Mkono ulitulia. Akaichukua firigisi kwenye sahani yake, akaiweka kwenye yangu.