Besi ya Baba

Besi niliijua kabla sijajua kusoma. Ilikuwa mngurumo ulioingia shavuni mwangu kutoka mgongoni kwa baba, Jumamosi mchana, kwenye mazoezi ya kwaya ya kanisa letu pale Nanyala. Wanakwaya walifanya mazoezi wameketi, nami nilikaa benchi la nyuma yake, nikamwegemea, nikasikia sauti yake mwilini kabla ya masikioni. Kwetu neno hilo lilikuwa na kazi nyingi. Makonda wa mabasi yaliyosimama barabara kuu walijisifu kwamba redio zao zina besi. Kijana akianza kubadilika sauti, alitaniwa kuwa besi inamwingia. Mwalimu wa kwaya alisema besi ndiyo msingi wa nyumba, ikiyumba hao soprano wanajipigia kelele tu. Mimi sikuhitaji maelezo yote hayo. Besi ilikuwa baba, basi.

Wanaume wa besi walikuwa wanne, na wote walipasua mawe ya kokoto kwenye kilima nyuma ya kijiji. Mwaka nilipokuwa na miaka tisa, kiangazi kilikuja na upepo wa baridi na vumbi jeupe lililolala hadi kwenye majani ya mibuni. Wa kwanza akaacha kuja mazoezini, wakasema ana kifua. Wa pili akaenda kwa ndugu zake Mbebe kupumzika, na habari zilizotufikia kutoka huko hazikuwa nzuri. Kahawa ilipoiva, benchi la besi lilikuwa na watu wawili. Mama aliliona hilo, akamwambia baba waziwazi kwamba siku atakayomsikia anakohoa, mawe basi, na wataenda hospitali ya Vwawa akapimwe.

Jumamosi moja niliegemea mgongo ule nikakuta kimya. Mdomo wa baba ulikuwa unaimba, lakini ndani kulikuwa na mkwaruzo tu, kama ungo unaopepeta pumba. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alinishika mkono. Alizoea kuniita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Mama, ni vumbi tu. Mvua zikianza litatoka. Mama yako asijue."

Sasa mimi nilikuwa mbea. Majirani waliniita redio, na hawakunionea. Lakini siri ya baba ilinivimbisha kichwa, nikajiona mtu mzima. Akibanwa na kikohozi nyuma ya nyumba, nami nilikohoa kwa nguvu jikoni ili mama adhani ni mimi. Akadhani hivyo. Akanichemshia majani ya mpera, machungu kupita kiasi, akasimama kuhakikisha namaliza kikombe. Nilikunywa dawa isiyo yangu mwezi mzima, huku baba akiendelea kwenda kilimani. Hadi leo nikiona mpera nauzunguka kwa mbali.

Wiki moja kabla ya kwenda kuimba Igamba, yule mwenzake wa mwisho hakuja. Mwalimu alikuwa na desturi ya kuzipima sauti moja moja, soprano kwanza, besi mwisho. Zamu ilipofika, baba alisimama peke yake, akavuta pumzi, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Kisha akakohoa, akaziba mdomo kwa leso, na leso ikawa nyekundu. Mama alikuwa kwenye mstari wa soprano. Hakumtazama baba. Alinitazama mimi.

Vwawa walituambia tumechelewa. Mvua zilianza baba akiwa kitandani, na vumbi halikutoka. Tulimzika kabla ya Krismasi, na kwaya ikamwimbia kwa sauti tatu. Mama hakuwahi kunilaumu hata kwa neno moja. Heri angenichapa.

Sasa naishi Tunduma, nina duka la vitenge karibu na mpaka. Besi hapa hainiachi. Malori yanayosubiri kuvuka yanaitetemesha rafu yangu, na spika za baa ya jirani hazina huruma. Nimeizoea. Ila mwezi uliopita alikuja mdogo wangu Ezekia, ambaye kiangazi kile alikuwa bado anabebwa mgongoni. Amekuwa mwanamume. Anapasua mawe kwenye kilima kilekile, na kanisani anaimba besi, watu wakifumba macho wanasema baba yetu amerudi. Nilimwekea chai. Akanywa kidogo, akageukia ukutani, akakohoa akiwa amejibana asisikike. Niliinuka, nikaweka kiganja mgongoni kwake. Ungo ulikuwa unapepeta.

"Ni vumbi tu, dada," alisema bila kugeuka. "Usimwambie mama."

Simu ilikuwa tayari sikioni mwangu, na mama alikuwa ameshaitikia.