Nguzo Katika Shimo la Mugunga

Ardhi ya Mugunga haipokei mti. Sisi tuliokimbia risasi kutoka milima ya Masisi, ambako kijiti ukikisukuma udongoni kinaingia bila ubishi, tulilijua hilo siku ile ile tuliyofika kambini. Baba aligonga nguzo yake juu ya jiwe jeusi mpaka ncha ikachanika kama ufagio, na jiwe halikupata hata mkwaruzo. Wenzetu walizungushia nguzo zao mawe, upepo ukaja ukazilaza. Kwa hiyo baba alipokuta shimo la mviringo katikati ya mwamba, jembamba na refu kuliko mkono wake, alicheka peke yake. Akaitumbukiza nguzo humo, akapinda fito, akatandaza turubai, na kabla ya mvua kunyesha tulikuwa na kibanda kilichosimama wima. Mama alikuwa na mimba, siku zake zimekaribia na miguu imemvimba kwa safari. Aliingia akajilaza, akasema hainuki tena.

Aliyeharibu mambo ni nyanya, mama yake baba. Asubuhi aliizunguka nguzo, akainama, akachungulia mdomo wa shimo.

"Papa," alimwambia baba, kama mama wa kwetu anavyomwita mwanawe, "nani alichimba hapa?"

"Hakuna mutu, mama. Nimeikuta."

"Basi iko kitu ilianguka hapa, ilitoka mbinguni. Ondoa ile muti."

Kwetu milimani, mahali palipopigwa na radi hapawashwi moto mpaka mzee wa ukoo aje kupanyunyizia maji yenye majani. Nyanya alikuwa Mkristo asiyekosa misa, lakini katika mambo ya radi hakuona kwamba padri na mzee wa ukoo wana sababu ya kugombana. Kwake jiwe lililoanguka kutoka juu na radi vilikuwa ndugu wa tumbo moja. Tena alikuwa na ushahidi. Njiani tulikuwa tumepita Lac Vert, ziwa la kijani lililotulia chini kabisa ya shimo la mviringo, na hakuna aliyeweza kumweleza nani alilichimba lile nalo.

"Mukubwa iliangukia kule," alisema, "na mutoto yake hapa."

Mzee wetu wa ukoo alikuwa amekimbia kwa njia nyingine, hatukujua yuko wapi wala kama yu hai. Maana yake hakuna wa kunyunyiza, hakuna moto. Na bila moto hakuna maji ya moto ya kumzalisha mama, hakuna uji, hakuna cha kumkausha mtoto. Tungeweza kuhama, lakini mahali palipobaki ni mteremkoni tu, ambako maji ya mvua yalipita kama barabara yao. Nilikuwa msichana mwenye umri wa kuelewa hayo yote, na nilimkasirikia nyanya.

"Mama, tumekimbia masasi," baba alisema, "sasa tukimbie na shimo?"

Nyanya alikwenda kukaa juu ya figa moja, akaweka miguu juu ya yale mengine mawili, ili mtu yeyote mwenye wazo la kuwasha moto aanze kwanza kumwondoa yeye. Hakuna aliyethubutu.

Adhuhuri uchungu ulimshika mama. Hakupiga kelele, ila niliona anashikilia ile nguzo kwa mikono miwili. Wakati huo huo jirani, mama mmoja mzaliwa wa Kibati, chini ya mlima wa volkano, alikuja kuomba kaa la moto. Akamkuta nyanya amekalia mafiga. Baba, kwa aibu, akamweleza habari ya jiwe la mbinguni.

Jirani alicheka, kisha akamsikia mama akiguna ndani, akaacha kucheka.

"Koko," alisema, akimwita kama watu wa mji wanavyowaita nyanya zao, "kwetu Kibati mashimo kama hii iko mingi. Hakuna kitu ilianguka. Volkano ilishuka, ikazunguka muti. Muti ikaungua, jiwe ikabakia. Ingiza mukono, utasikia."

Nyanya akashuka kwenye mafiga, akamwamuru baba ang'oe nguzo. Kibanda kikalegea, turubai likamwangukia mama, na nyanya akalala kifudifudi juu ya mwamba, akazamisha mkono mpaka begani. Maisha yake yote alikuwa amechuna maganda ya miti kusokota kamba za kufungia mizigo ya maharage. Niliuona uso wake ukibadilika polepole, kama mtu anayepapasa gizani akakuta mlango wa nyumbani.

"Iko na maganda," alisema. "Na hapa tawi ilitokea."

Nami niliingiza mkono. Jiwe lilikuwa na nyufa na mikunjo, ubavu mzima wa mti usiokuwepo. Nilihisi mzigo ukinitoka kichwani.

"Sasa munangoja nini?" nyanya alitufokea, utadhani sisi ndio tuliokuwa tumekataa. "Rudisha muti pahali ya muti! Washa moto!"

Kabla jua halijazama, mdogo wangu alikuwa ameoshwa kwa maji ya uvuguvugu na analia kwa nguvu zote. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani. Nami nilicheka, nikalia pia, kwa furaha tupu.

Baadaye shuleni nilifundishwa kwamba mawe ya mbinguni yapo kweli, ila ni machache, na kwamba Lac Vert ni mdomo wa volkano ya zamani, uliochimbwa na moto uliotoka chini. Nikamkimbilia nyanya na habari hiyo.

"Ile ziwa sijagusa," alijibu.

Milima ilipotulia, tulifunga mizigo turudi. Nguzo nzuri ilikuwa mali, na baba akaanza kuing'oa. Nyanya akamshika mkono.

"Iache, papa. Mutu mwingine atafika hapa. Akikuta shimo tupu, ataogopa kama mimi."

Baba akaiachia. Tukashika njia ya Sake kuelekea milimani, mtoto mgongoni mwa mama, na nilipogeuka niliiona nguzo yetu bado imesimama.