Picha ya Kichwa Wazi

"Picha tano tu, mama," binti alikuwa akisema, kidole kikiteleza juu ya simu. "Moja umesimama mlangoni. Moja unacheka. Moja ya mikono tu, iko kazini. Moja wewe na mimi. Na moja kichwa wazi, watu waone nywele."

Kichana kilimponyoka Mama Mistari, kikatumbukia kwenye beseni la maji ya dawa.

"Kichwa wazi cha nini?"

"Mama! Si wewe ni msusi?"

Alikuwa msusi kweli, tena si wa kubahatisha. Hilo jina la Mama Mistari alipewa na wateja, kwa sababu mistari yake ilinyooka kama imepigwa rula, na haikulegea. Kwa wasusi wengine unasukwa leo, wiki ijayo kichwa kinafanana na mkeka uliotafunwa na panya. Msuko wake ulikaa mpaka mwenyewe unauchoka. Alivuta. Alivuta mpaka nyusi zikapanda, na mtu akaondoka pale na sura ya kushangaa kama aliyeambiwa habari za ajabu. Wateja nao walipenda hivyo hivyo. Walitambiana kabisa kwenye benchi la kusubiria: "Mimi usiku ule sikulala." "Kulala? Mimi hata kucheka nilishindwa!" Aliyelala vizuri baada ya kusukwa alijiona kaibiwa.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: viti viwili vya plastiki, kimoja cha kuzunguka ambacho kilishaacha kuzunguka, kioo chenye ufa pembeni uliofunikwa kwa picha ya maua, na rasta zimening'inia kwenye misumari kama mikia ya farasi. Benchi lile zamani halikuwa na nafasi. Kisha ng'ambo ya barabara ikafunguliwa saluni ya vioo vitupu, taa zinawaka mchana kutwa, na mwenye nayo kajibandika mlangoni, picha kubwa kama mlango wenyewe, meno yote nje. Watu wakaanza kuyafuata yale meno. Ndipo binti, aliyesomea mambo ya biashara, akamkaba mama yake koo: siku hizi watu hawafuati kazi, wanafuata sura, wewe mwenyewe ndiye chapa, lazima upigwe picha za maana tuzitangaze. Mpiga picha akatafutwa. Ikapangwa Jumamosi mchana.

Mama Mistari aliyakubali yote. Gauni jipya, sawa. Kucha, sawa. Hata kucheka bila sababu, sawa. Lakini kichwa wazi!

Maana chini ya kile kilemba hapakuwa na cha kumwonyesha mtu. Utosini nywele zilikuwapo, si haba. Ila mbele, kuanzia kipaji cha uso mpaka kwenye mapanja, pale mbele ya masikio, palikuwa patupu, pamelainika, panang'aa kama kiganja. Alipokuwa msichana alisukwa kwa kukazwa bila kupumzika, msuko mmoja ukifumuliwa asubuhi, mwingine unapandishwa jioni. Nywele zikaanza kurudi nyuma. Akasogeza kilemba mbele kidogo. Zikarudi tena, kilemba nacho kikasogea tena. Wakafukuzana hivyo, kilemba na nywele, mpaka sasa kilemba kilikuwa kinapumzika juu ya nyusi. Mumewe, fundi baiskeli, mtu mpole asiyeuliza maswali, aliijua kofia ya kulalia ya mkewe kuliko alivyokijua kisogo chake mwenyewe.

Mama Mistari alikuwa anaijua midomo ya wateja, maana ilifanyia mazoezi mbele yake kila siku. Walimcheka mshonaji wa jirani wiki nzima kwa sababu sketi yake ilikuwa imeshikwa na pini. Sasa msusi mwenye upara! Wangemchekea mlangoni, kisha wangevuka barabara, na asingeweza kuwaita warudi. Usingizini alijiona amekaa mbele ya taa kali, na mtu asiye na uso anavuta ncha ya kilemba, taratibu, taratibu, na yeye hana mikono.

Mpiga picha alikuja Alhamisi kutazama chumba. Kijana mwembamba, mifuko mingi kuliko nguo. Akafumba jicho moja, akatengeneza kidirisha kwa vidole vyake, akamtazama Mama Mistari ndani ya hicho kidirisha kama nyama buchani.

"Safi. Siku hiyo kilemba tutakiweka pembeni, mama."

"Mimi kichwa changu hakitaki baridi."

"Kwa joto hili?" akasema binti.

"Na taa zangu zitakupasha," mpiga picha akaongeza. "Msusi akijifunika, mteja anajiuliza anaficha nini."

Wakacheka wote wawili. Mama Mistari naye akacheka, akikivuta kilemba mbele.

Kesho yake alijitanda mtandio mpaka puani, akaenda soko la mbali asikojulikana, akaingia duka la mawigi akitembea kama mwizi wa kuku. Kila aliyekohoa nyuma yake alidhani ni mteja wake.

"Ni la nani, mama, tuchague la kumfaa?" muuzaji akauliza.

"La mgonjwa," alijibu haraka, na mara neno lenyewe likamtisha, akachukua la kwanza aliloshika na kutoka.

Nyumbani alijifungia bafuni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalivaa mbele ya kioo kidogo cha mkononi. Lilimkaa kama mgeni asiyekaribishwa. Yeye mwenyewe alikuwa na uwezo wa kulitambua wigi kutoka mwisho wa mtaa, mvaaji akiwa amempa mgongo. Na yule wa ng'ambo pia alikuwa msusi.

Mumewe akagonga. "Uko salama humo?"

"Naoga!"

"Mbona sisikii maji?"

Akachota kopo, akamwaga sakafuni. Akachota jingine, akamwaga. Mume akaridhika, akaenda zake. Yeye akabaki juu ya ndoo, miguu imelowa.

Jumamosi asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kumsuka binti, ili waingie wote kwenye picha. Binti akakaa chini, mgongo kwenye magoti ya mama yake, kama alivyokaa tangu utotoni, simu mkononi, akisoma kwa sauti waliokwisha ahidi kuja kutazama. Mama Mistari alichana, akagawa. Alipofika panja la kushoto, kichana kikakosa cha kushika.

Aliinama karibu. Akalowesha pamba, akapapangusa. Pamba ikatoka nyeusi, na chini yake ngozi ikang'aa.

"Umepaka nini hapa?"

"Penseli ya nyusi. Acha bwana, mama, kila mtu anapaka."

"Kila mtu nani?"

"Wenzangu. Hao hao unaowasuka wewe." Binti hakuinua hata macho. "Si unakaza sana pembeni. Lakini msuko unakaa."

Mama Mistari akageuza kichwa cha binti upande wa pili, akapangusa. Kulikuwa vile vile, kipande kitupu cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Alivitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine, aliyeingia mle ndani bila kubisha hodi. Akainuka, akafunga mlango kwa komeo, akafungua kilemba.

Binti akaziba mdomo. Simu ikaendelea kulia ujumbe baada ya ujumbe, hakuna aliyeitazama.

"Tangu lini?"

"Wewe ukiwa bado unang'oka meno."

"Baba anajua?"

"Baba yako anajua baiskeli."

Hakuna aliyecheka. Binti akapeleka mkono kwenye panja lake, akapapasa polepole kama anayetafuta kidonda gizani. "Zinarudi?"

"Za kwangu hazikurudi."

"Za kwangu, mama."

"Ukiacha kuvutwa mapema, huenda." Alikuwa anakikunja kilemba mikononi. "Sijui, mwanangu. Ningekuwa najua ningekaa hivi?"

Binti akasimama, akatembea mpaka kwenye kioo, akarudi. Alipogeuka, woga wake ulikuwa umeshapata kazi ya kufanya. "Sikiliza. Watu nimeshawatangazia. Mpiga picha yuko njiani. Yule wa ng'ambo anaomba tuanguke hata leo. Una wigi? Usinidanganye, nimeona mfuko bafuni. Lete." Akamvika, akabana pini kwa haraka mpaka moja ikamchoma mama yake. "Hakuna atakayejua. Ni mimi na wewe. Picha zikishatoka tutajua la kufanya."

Mama Mistari akajiachia abanwe pini. Alitaka kuamini. Alitaka sana.

Mlango ukagongwa, binti akatoa komeo. Alikuwa muuza vitambaa, mteja wao wa kila msuko, na mtoto wake wa kike wa chekechea. Mpiga picha ndiye aliyeomba pawepo na mtoto kwenye ile picha ya mikono.

"Makubwa!" muuza vitambaa akapiga kofi. "Leo Mama Mistari katoa nywele nje! Kumbe mzuri hivi, unatunyima? Haya, mkaze huyu vizuri, msuko umfikishe likizo. Hapo pembeni ndiyo mkaze kabisa, ana vinywele vya ukaidi."

Nje mpiga picha alishafika, anasikika akiburuta waya na kumwomba mtu asogeze pikipiki. Mtoto hakungoja kuambiwa. Alikwenda mwenyewe kwenye kigoda, akakaa, akafumba macho, akapandisha mabega mpaka yakagusa masikio, akashika vidole vyake vya miguu kwa mikono yote miwili. Akangoja.

Mama Mistari akashika kichana. Pembeni mwa uso wa mtoto vinywele vilikuwa laini kama manyoya ya kifaranga. Akagawa mstari wa kwanza, akaanza kusuka, na vidole vikakataa kuvuta.

"Mbona legelege hivyo?" akauliza muuza vitambaa. "Utafika Jumatatu kweli huo?"

"Hautafika mbali."

"Sasa vuta basi."

"Nikivuta," Mama Mistari alisema, "atakuja kuwa hivi."

"Mama, usi..." binti alianza, lakini wigi lilikuwa limeshatoka, pini zinadondoka sakafuni moja moja.

Muuza vitambaa alirudi hatua nyuma, akagongana na benchi.

"Mungu wangu! Uliungua?"

"Nilisukwa."

Yule mama akatazama, akatazama tena, kisha mkono wake wenyewe ukapanda mpaka pembeni mwa uso, ukaingia chini ya ukingo wa mtandio na kubaki humo. Alipoutoa, uso ulikuwa umebadilika, na haikujulikana amekasirika au anataka kulia. "Miaka yote hii," akasema. "Miaka yote hii nakaa hapo kwenye kiti chako." Akachomoa simu, akatoka nje upesi. Akamsahau mtoto wake pale pale kwenye kigoda.

Mpiga picha akachungulia, akaona kichwa, akarudisha chake nje. "Nitasubiri," akasema huko huko.

"Umetumaliza," binti akanong'ona. Alikuwa ameegemea ukuta, viganja vyote viwili vimeziba mapanja yake. "Mama, umetumaliza."

Mama Mistari alitaka kukiokota kilemba lakini hakujua kilipoangukia. Hewa ilimpiga kwenye ngozi isiyozoea. Kutoka barazani sauti ya muuza vitambaa ikaingia, ya juu, ya haraka: "...hapana, kwa macho yangu haya, nakwambia, yuko pale pale amekaa... wewe shika pembeni mwa kichwa chako sasa hivi, shika uniambie..." Kabla jua halijazama mtaa wote ungekuwa umeshika pembeni mwa kichwa, na kila mmoja angejua ni mkono wa nani.

Mama Mistari akashika tena nywele za mtoto, kwa ncha za vidole tu, akapitisha shungi juu ya shungi, taratibu, msuko mpana uliolala bila kubanwa. Mstari ukapinda. Hakuwahi kusuka mstari uliopinda maishani mwake. Akauacha.

Mtoto akafumbua jicho moja.

"Bado hujaanza?"

"Nimeanza."

"Mbona sisikii kuuma?"

Huko nje muuza vitambaa alikuwa ameshapiga simu ya pili.