Mama Maswali na Oili Nyepesi

Ukitaka kununua oili ya gari haraka haraka, usiende dirisha la tatu. Dirisha la kwanza na la pili utauziwa unachokitaja, utapewa risiti na utaondoka. Dirisha la tatu yupo Mama Maswali, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Unamwambia galoni moja ya sintetiki, ile oili ya ghali ya kutengenezwa maabara, anakuuliza gari gani. Unamtajia gari, anauliza la mwaka gani. Unamtajia mwaka, anataka kujua unalipeleka wapi, linabeba nini, na mara ya mwisho lilibadilishwa oili lini. Wapo wanaume waliomkumbusha kwamba wamekuja kununua oili, hawakuja kuposa. Yeye hucheka nao vizuri tu, kisha hurudia swali.

Na yeye ana swali analoulizwa kila siku ya Mungu: hii oili ya bei mbaya ina maana yoyote kwa mtu wa kawaida, au ni kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa? Jibu lake halina mbwembwe. Kama gari lako ni la petroli, halina turbo, linakupeleka kazini na kukurudisha, na kitabu chake hakidai sintetiki, basi chukua ya kawaida yenye namba zilizoandikwa kwenye kitabu, uibadilishe kwa wakati, na chenji kanunue viatu vya watoto. Kama lina turbo, au kitabu kinadai sintetiki, hapo usibane mkono. Na wale wanaonunua ya ghali, kisha kwa uchungu wa bei wakakaa nayo mpaka ikawa uji, huwaambia wazi kwamba wangekuwa salama zaidi na ya kawaida. Wateja wengi huondoka kwake na galoni ya bei ndogo kuliko ile waliyoijia. Mimi maduka mengi nimeyaingia, na tabia hiyo sijaiona mara nyingi.

Hakuzaliwa anajua hayo. Aliyajua baada ya kuharibu gari la mtu, na ilibaki kidogo tu aharibu na maisha yake.

Alipoanza kazi kwenye duka hilo la spea alikuwa ametoka kwenye duka la vitambaa, alikokaa miaka sita mpaka lilipofungwa. Mikono yake ilikuwa ya vitambaa. Alikuwa akishika nguo kati ya kidole gumba na vidole viwili, akaisugua kidogo, akakwambia bila kuangalia kama itadumu au itapauka kabla mtoto hajamaliza muhula. Kwake yeye, kitu chepesi kilikuwa kitu hafifu, na kizito ndicho chenye maana. Nyumbani walikuwa watatu katika chumba kimoja na kibaraza: yeye, binti yake wa darasa la tatu, na mama yake ambaye magoti yalikuwa yameanza kumkataa. Mshahara ulikuwa mmoja. Duka lilimpokea kwa majaribio ya miezi mitatu, na kila aliyemjua mwenye duka alimwambia kwamba pale amekalia kuti kavu.

Mwenye duka walimwita Mzee Vumbi, ingawa si mbele yake. Kila asubuhi alipita nyuma ya kaunta akiburuza kidole kwenye rafu, kisha akakuonyesha kidole chenyewe bila kusema neno. Hakuwa mkali wa sauti. Alikuwa mtu wa kukuita ofisini, kukupa mkono, na kukutakia heri huko uendako. Katika mwaka mmoja tu alikuwa ameshawatakia heri watu watatu, wa mwisho kwa kosa la kumuuzia mteja breki za gari lingine. Huyo kiti chake kilikuwa bado na kitambaa chake cha kufutia mikono pale Mama Maswali alipokikalia.

Lakini kufundisha alifundisha, na kwa moyo. Wiki ya kwanza alimwita kwenye rafu za oili, akamdondoshea tone moja kiganjani, akamwambia afuate anavyofanya. Mzee alisugua oili kati ya kidole gumba na vidole viwili, kisha akainua mkono mpaka sikioni, akafumba macho akisikiliza. Oili ya kweli, alieleza, ni nzito na haisemi. Iliyochakachuliwa ni nyepesi, na ukiisugua unasikia ngozi yako inalia. Wauzaji wote wawili wa madirisha mengine walifanya hivyo hivyo, mkono sikioni, macho yamefumbwa. Mgeni akiingia angedhani wanapiga simu. Kwa mtu aliyetoka kwenye vitambaa, somo hili lilimwingia kama ameshalijua siku zote.

Mwezi wa pili akaja Baba Mikate. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye unga kwenye mikunjo ya kola hata akiwa amevaa shati safi. Alikuwa amenunua kigari cha dizeli cha mkono wa pili, chenye turbo, yaani kile kifeni kidogo kinachosukumia injini hewa na kuzunguka kwa kasi ya ajabu. Kigari hicho kilitoka kabla hakujapambazuka kupeleka mikate madukani, na bila hicho mikate ingebaki ikimwangalia. Akaomba sintetiki, akataja na namba zake kama alivyoelekezwa.

Mama Maswali alimwangalia yule mtu na viatu vyake vilivyoshonwa upya, akaangalia na bei ya galoni, akamhurumia. Akafungua galoni ya mfano iliyokuwa kaunta, akadondosha tone, akasugua, akasikiliza. Kisha akainama kidogo ili wenzake wasisikie.

"Baba, usitupe hela yako. Hii ni maji matupu, sikia mwenyewe. Chukua hii nzito, nusu ya bei, na injini itakushukuru."

Baba Mikate akasita. Akasugua naye, akainua mkono sikioni, akasikiliza kwa adabu. Sijui alisikia nini. Mwisho akachukua ile nzito, akamshukuru, akampa mkono kwa mikono miwili. Mama Maswali alirudi nyumbani siku ile anatembea kifua mbele, akamsimulia mama yake jinsi alivyomwokoa baba wa watu na utapeli.

Wiki tano baadaye kigari cha mikate kilipita mbele ya duka kikivutwa kwa kamba, kikaingizwa gereji iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Mchana fundi akavuka kuja kuulizia turbo. Akaeleza, kwa sauti ya mtu anayesimulia mpira, kwamba shafti, kile chuma kinachobeba kifeni cha turbo, imesagika yote. Gari lile linawashwa alfajiri na kuondoka papo hapo na mzigo, na mtu kalitia oili nzito ambayo inajivuta kama imeamshwa kwa nguvu. Mpaka ifike kwenye turbo, kifeni kimeshazunguka kikavu. Halafu joto likipanda, oili yenyewe inaungua na kuziba kale kabomba kanakoipeleka. Turbo ilikuwa imechoka kutoka huko ilikonunuliwa, alisema, lakini kwa oili sahihi ingesukuma miaka. Alitaka sana kumjua bingwa aliyemshauri mwenye gari.

Bingwa alikuwa hatua mbili kutoka pale aliposimama fundi, anapanga plagi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Zilibaki siku kumi na moja miezi mitatu itimie.

Jioni alimweleza mama yake kila kitu, wakati bibi na mjukuu wakichambua mchele. Alitegemea kutulizwa. Mama yake akasogeza sinia pembeni.

"Huyo baba akija dukani, mwanangu, usimwache aseme peke yake."

Baba Mikate akaja baada ya siku mbili, asubuhi, Mzee Vumbi akiwa amesimama kaunta. Mkononi alikuwa na ile shafti, ameifunga kwenye karatasi ya mkate. Akaiweka mezani, akaifunua. Ilikuwa kipande kidogo tu cha chuma, kimekwaruzika na kubadilika rangi, na kila mtu dukani aliinama kukiangalia. Mzee Vumbi alivaa miwani. Akauliza oili ilinunuliwa wapi, akaambiwa hapa. Akauliza ni nani aliyeuza.

Baba Mikate alitupa jicho dirisha la tatu. Lilikuwa jicho la mara moja tu.

"Nilichagua mwenyewe," akasema. "Nilipata tamaa ya bei. Nimekuja kutafuta turbo, sikuja kushtaki."

Moyo wa Mama Maswali ulirudi mahali pake. Aliwaza binti yake, aliwaza kodi, aliwaza zile siku chache zilizobaki, na akaona jinsi ilivyo rahisi kuinama aendelee kuandika. Kisha akamwona yule mtu akiikunja ile karatasi yake vizuri, kona kwa kona, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Mtu ameshapoteza gari kwa ajili yake, na sasa anajichafulia na jina ili amfiche.

"Si kweli, bosi. Alitaka sintetiki. Mimi ndiye niliyemkataza."

Mzee Vumbi akamgeukia taratibu, kwa ile sura waliyoifahamu wote, sura ya kumtakia mtu heri. Akamuuliza kilichomfanya amkataze mteja kitu alichokitaja kwa namba. Mkono wa Mama Maswali ndio uliojibu. Ulijiinua wenyewe, kidole gumba kikasugua vidole viwili, ukapanda mpaka sikioni. Na kwa mazoea tu, macho nayo yakafumba.

Alipoyafumbua, Mzee Vumbi alikuwa hamwangalii tena. Alikuwa anaangalia mkono wake mwenyewe. Muuzaji wa dirisha la kwanza alikohoa, wa pili akapata kitu cha kutafuta chini ya kaunta. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hiyo nilimfundisha mimi," akamwambia Baba Mikate. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia pale, akaongeza, "Nimewafundisha wote."

Akaingia stoo mwenyewe, akatoka na boksi la turbo mpya, akaliweka mbele ya mteja, akasema gharama yake ni ya duka. Baba Mikate akataka kubisha, mzee akamsihi asimwongezee aibu. Yule baba angeweza kubeba boksi lake aende zake, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake akaomba galoni mbili, nzito na nyepesi, akawaonyesha namba kama fundi alivyomweleza. Ya kwanza, yenye herufi ubavuni, inakwambia oili inakimbiaje injini ikiwa baridi. Ya pili inakwambia inabaki na unene gani injini ikishapata moto. Ile wanayoiita maji, wepesi wake wa asubuhi ndiyo kazi yenyewe iliyolipiwa. Mzee Vumbi alisimama nyuma ya wafanyakazi wake, mikono mfukoni, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza na maswali mawili.

Kazi Mama Maswali alibaki nayo. Siku kumi na moja zilipokwisha aliitwa ofisini, akapewa barua ya ajira. Hakuna aliyemtakia heri kokote, na binti yake akaendelea na shule ile ile. Lakini deni la shukrani lilimkaa kooni. Kila alipomwona Baba Mikate ng'ambo, akiwa amechuchumaa na fundi, alipanga maneno, na kila alipoyapanga yalimwia madogo.

Gari lilipopona, Baba Mikate alikuja kununua oili. Ilikuwa asubuhi tulivu, madirisha mawili ya mwanzo hayana mtu. Akayapita, akaja la tatu, akamsalimia kama mtu anavyomsalimia jirani. Mama Maswali akasahau maneno yote aliyokuwa ameyapanga.

"Baba, nakushukuru," akasema. "Lakini nataka kujua. Kwa nini uliniachia? Nilikuharibia gari."

Yule baba akapangusa unga usiokuwepo kwenye kola.

"Ulinionea huruma," akasema. "Watu wangapi wananionea huruma mimi? Ulikosea oili, binti. Mimi hukunikosea."